Hatua Mbili Zaidi

Kamera niliiazima kwa fundi Shekalaghe,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mwenye studio ya pazia la buluu na kiti kimoja.
Akanipa na somo, bure, huku akitafuna kashata:

"Tundu ni mlango. Kasi ni muda unaouacha wazi.
Na namba zisikuhadae: mbili ni lango la harusi,
kumi na sita ni tundu la ufunguo.
Aliyezipanga alizipanga kinyume, tumeshazoea.
ISO ni sikio la jirani:
ukilitega kidogo litasikia ulichosema,
ukilitega sana litasikia na usichosema,
ndizo hizo chenga utakazozikuta picha za usiku.
Ukiongeza huku, punguza kule.
Haya, nenda ukaharibu picha."

Nikaziharibu.
Kuku wa jirani akatoka na vichwa vitatu.
Mdogo wangu Mwanamkasi akatoka na masikio makali
na pua ya moshi,
kwa kuwa nilifungua lango la harusi kwa mgeni mmoja.

Ijumaa nikaenda shambani, kambi ya mkonge,
baba amebakiza siku nne astaafu.
Miaka thelathini na mmoja ya korona:
mashine inatafuna majani, inatema nyuzi,
yeye anazibeba mbichi, anazianika kwenye waya.
Katika kitambulisho chake cha kazi
Nandonde ni kofia, ni kola ya shati,
na baina yake usiku.
Mlinzi wa geti humtambua kwa kikohozi.

Saa nne. Jua limesimama kama mnyapara.
Nyuzi safu kwa safu, nyeupe hadi macho yanauma,
na baba mbele yake, kofia imeshuka usoni.
Nilichungulia. Kipimo kikatulia katikati:
inatosha, kikasema.
Nikaamini, nikabonyeza.
Nyuzi zikatoka kijivu, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya mtaro.
Baba akatoka kivuli.

Kumbe kamera inaamini dunia nzima ni rangi ya majivu.
Ukiionyesha weupe mwingi inashtuka, inafumba jicho,
na aliyesimama mbele ya weupe
anafumbiwa pamoja nao.
Haikumchukia baba. Haimjui tu.
Mimi namjua.

Tundu nikaliacha kwenye nane.
Kasi nikaishusha: kutoka elfu moja
hadi mia tano, hadi mia mbili na hamsini.
Hatua mbili, na kila hatua mwanga maradufu.
Kipimo kikakimbilia upande wa kuzidi, kikamwekamweka.
Nikakiacha kilalamike.

Baba akaja.
Kovu la nyusi likaja, la waya uliokatika mwaka niliozaliwa.
Ndevu zikaja, na mvi zake, moja moja.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma.
Akavua kofia, akakikinga jua kwa kiganja, akatazama sana.
"Na mkonge uko wapi?"
Nyuma yake palikuwa karatasi tupu.
"Miaka thelathini na mmoja, mwanangu.
Umeufuta kwa kidole kimoja."

Hilo halikuwamo katika somo la kashata.

Akaniacha nimesimama. Aliona fungu limeteleza,
akaingia katikati ya safu mbili kulinyoosha,
kichwa wazi, kofia kwapani.
Na hapo, bila kuambiwa na mtu,
weupe wa safu ya mbele ukampiga usoni,
ukaingia chini ya nyusi, penye shavu lililobonyea,
mahali ambapo jua lenyewe halikufika.
Nyuzi alizozianika alfajiri zilikuwa zinammulika.

Nikarudisha hatua moja. Mia tano.
Nikapiga magoti kwenye makapi ya mkonge, yananuka kama samli iliyochacha.
Uso upo. Nyuma yake nyuzi zipo,
karibu ningeweza kuzihesabu.
"Baba!"
Akageuka.

Nikabonyeza, akapiga chafya.
Vumbi la mkonge.
"Subiri," akasema, anafuta pua kwa mkono wa sare,
"hiyo usiipeleke studio."